Rubani wa Ukutani kwa Bibi

Juni iliyopita nilirudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Makambako, nikakuta nyumba ya bibi imepigwa plasta. Nilisifu, kama inavyompasa msomi aliyekuja bila mchango, huku nikipapasa ukuta kutafuta magazeti.

Unaijua baridi ya kwetu, rafiki yangu, asubuhi umande ukiwa umeganda juu ya majani ya viazi. Sisi, nilipokuwa mtoto, tuliizuia kwa magazeti. Bibi alikoroga uji wa ngano, akabandika kurasa juu ya nyufa, akichagua zenye picha. Maandishi, alisema, hayana joto. Hivyo nililala katikati ya watu weusi mashuhuri: mfalme wa kale mwenye joho, daktari wa upasuaji, mpiga tarumbeta aliyevimba mashavu. Juu ya kitanda cha bibi alikaa mwanamke rubani, amevaa kofia ya ngozi na miwani mikubwa. Bibi hakujua kusoma, lakini kila asubuhi akipuliza moto aliwasalimia kwa Kibena: “Kamwene!”

Siku moja mwalimu wetu akaagiza kila mmoja alete picha ya mtu mweusi aliyefanya jambo kubwa. Asiyeleta, fimbo. Nikakimbia nyumbani, nikaanza kumbandua rubani kwa kucha.

“Wee! Mwache mtoto wa watu! Unataka upepo wote wa Wanging'ombe uniingie kifuani?” Bibi alikuwa akikohoa tangu mavuno.

“Bibi, nitachapwa.”

“Fimbo hupoa. Kichomi hakipoi.”

Kesho yake nikamweleza mwalimu kwamba picha ninayo, ila iko kazini. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaweka fimbo mezani. “Basi twende tukamwone huko kazini.”

Tukajazana chumbani kwa bibi, kila mtu na kiazi cha kuchemsha alichopewa na bibi. “Kwao wana mfalme, choo hakina mlango!” akanong'ona binti wa jirani. Mwalimu akasoma kwa sauti maneno ya chini ya kila picha. Alipofika kwa rubani, bibi akasimama na mwiko mkononi.

“Kumbe anarusha ndege?”

“Anarusha, bibi. Walimkatalia kwao, akaenda kujifunza ng'ambo.”

“Nami miaka yote nadhani ni mwenye pikipiki! Hebu soma tena.”

Akasoma tena. Bibi akachovya kitambaa katika maji ya moto, akalowanisha kingo, akambandua taratibu asichanike.

“Mpeleke shule. Huyu si wa kuzibia upepo.”

“Na kifua chako, bibi?” akauliza mwalimu, aliyekuwa amemsikia akikohoa.

“Kifua ni changu, Mwalimu.”

Palipokuwa na rubani akasokomeza gunia. Alikohoa mpaka Septemba.

Shule nayo imejengwa upya. Mwalimu hayupo, bibi hayupo, ukurasa ule haupo. Mimi sasa hualikwa kuhutubia habari za watu weusi mashuhuri. Nina shahada mbili na slaidi nyingi. Jina la rubani yule, lililosomwa mara mbili mbele yangu, silikumbuki.