Swali la Mkate

Swali la kumi na moja ndilo lililonitoa jasho. Dodoso lilikuwa la Kituruki, limetungwa kupima jinsi watu wanavyofuata mlo wa Mediterania, yaani mafuta ya zeituni, dengu, samaki na mboga, na kama wanakula bila kuiumiza dunia. Mimi, mwanafunzi kutoka Tanga ninayekaa Peckham, London kusini, kazi yangu ilikuwa kulihakiki kwa akina mama wa Kituruki wa London kaskazini. Wajaze leo, wajaze tena baada ya wiki mbili, tuone kama majibu yanaaminika.

Swali lenyewe: "Kwa wiki, unatupa mkate mara ngapi?" Wote walijibu kamwe. Duru ya pili, kamwe tena.

Msimamizi wangu, Mturuki mwenyewe, alicheka. "Lifute. Swali ambalo wote wanalijibu sawa halipimi kitu."

"Dokta, naomba wiki moja tu."

Nilikasirika, sikufichi. Tukiacha kuuliza kuhusu chakula kinachotupwa, tunabaki na orodha ya saladi. Isitoshe, nilijua wanachoficha. Mimi nimelelewa kuokota punje ya wali iliyodondoka mkekani nikaila. Mgeni angeniuliza kama kwetu tunamwaga chakula, ningekana hata pipa likiwa limefurika. Kwao mkate ukianguka huokotwa, hubusiwa, hugusishwa kwenye paji la uso. Nani atamwandikia mtafiti kwamba anautia pipani?

Ukitaka cha uvunguni sharti uiname. Nililiandika upya: "Mkate ukibaki, unaufanyaje?" Dokta akalitia Kituruki safi, huku akitikisa kichwa. Nikapanda mabasi mawili na kurudi kwa wale wale, safari hii nikiuliza kwa mdomo na kuandika mwenyewe.

Majibu yakamwagika. Mmoja huwalowekea ndege. Mwingine huukausha, akausaga, akachanganya na nyama ya kababu. Wa tatu huutia kwenye mfuko na kuutundika nje ya pipa, si ndani, ili anayeuhitaji auchukue.

Wa mwisho alikuwa mjane, anaishi peke yake ghorofa ya nne. Alinimiminia chai kwanza. Nilimwita shangazi kwa Kituruki, naye aliniita binti. Mengine tuliyasema kwa Kiingereza cha kuungaunga. Nilipomsomea swali, alikiweka kikombe chake mezani.

"Nilikudanganya mara zote mbili, binti. Nanunua mikate miwili, kama alipokuwapo mume wangu. Muuza duka ni yule yule. Nikisema mmoja, ataniuliza kulikoni."

"Na unaobaki?"

"Naubusu, naufunga kwenye gazeti, naomba msamaha, natupa."

Nilikuwa nimelipigania jibu hilo wiki nzima, na sasa sikulitaka tena. Nikafunika kalamu.

"Shangazi, hili tunaweza kuliacha wazi."

"Umepanda ngazi zote hizo uliache wazi? Andika. Mara tatu kwa wiki."

Alinisimamia mpaka nikaandika.