Maneno Aliyoyameza Sefania

Serikali ya Waingereza ilipotaka kujenga uwanja mkubwa wa mizigo ya reli kwenye mashamba ya Same, wenyeji walikataa kwa kauli moja. Wakamchagua mwalimu Sefania awe mkalimani wao, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua Kiingereza.

Siku ya baraza na mzungu wa reli, akasimama Mama Ruthi, mjane mwenye shamba, akasema kwa Chasu, lugha ya Wapare, "Mwambie huyu bwana hatuondoki. Wafu wetu wamelala hapa."

Sefania alimtazama mzungu huyo, akaihofia kazi yake ya ualimu wa serikali. Akatafsiri, "Wanaomba muda wa kuvuna."

Mzungu akatabasamu, akatoa miezi miwili. Sefania akawageukia wenzake. "Amesema atalifikiria." Wakampigia vigelegele.

Miezi miwili ilipotimia, vibarua wakaja kusawazisha mashamba. Mama Ruthi akamshika Sefania mkono. "Usihuzunike, mwanangu. Wewe ulisema, wao ndio viziwi."

"Sikusema, mama," alijibu akiinamisha kichwa. "Niliogopa."

Mama Ruthi aliuachia mkono ule polepole, akaenda kukusanya vyungu vyake. Tangu hapo, Sefania akimwona kwa mbali hukatiza vichakani, maana hana uso wa kumwamkia.