Mikaratusi ya Baba Kwenye Chemchemi

Juzi mwanangu alibanwa na mafua. Nikachuma majani ya mkaratusi, nikayachemsha, nikamfunika blanketi pamoja na sufuria ajifukize. Mvuke ule uliponifikia puani nilijikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Mtoto akauliza kutoka ndani ya blanketi, "Mama, unanicheka?" Nikamwambia hapana, nimemkumbuka babu yako na miti yake. Kwa kuwa yeye alikuwa na jasho la kushughulika nalo, kisa chenyewe nawapa ninyi.

Nilizaliwa Kansay, huku Karatu, mahali ambapo udongo ni mwekundu na asubuhi za Julai zina baridi ya kuuma masikio. Tulilima mahindi na mbaazi, tukafuga ng'ombe wachache, tukaishi katika nyumba ya udongo ambayo masika yakifika ilivuja kila kona isipokuwa ile aliyolala paka. Baba alikuwa na nia moja kubwa, kujenga nyumba ya bati yenye vyumba vinne. Mbao za nyumba hiyo alizipanda mwenyewe bondeni, miche ya mikaratusi aliyoibeba kutoka kwa mjomba wangu kule Mbulu. Alijua inapenda unyevu, na pale mwisho wa shamba letu unyevu ulikuwepo wa kutosha, kwa sababu chini yake kidogo ndipo ilipokuwa chemchemi ya kitongoji kizima.

Miti ikakua, tena kwa fujo. Jumapili tukitoka kanisani Baba alipita bondeni na suti yake, akaikumbatia mmoja mmoja kupima unene. "Huu ni sebule," alisema. "Huu ni chumba cha wasichana." Mti wa chumba chetu niliujua, na niliringa nao shuleni kama vile tayari nalala ndani yake.

Lakini miti ikipanda, maji yalikuwa yanashuka. Zamani ndoo ilijaa kabla wanawake hawajamaliza salamu. Ikafika mahali unachota kwa kata, unasubiri kisima kijae tena, unachota. Foleni ikazaa maneno, na maneno yakazaa ugomvi. Ama, yaani bibi yangu mzaa baba, hakuwahi kumsema mwanawe. Alirudi tu na ndoo nusu, akaitua mbele ya Baba bila kuguna.

Ndipo halmashauri ikamtuma ofisa wa mazingira, mama mmoja mnene mwenye Kiswahili laini cha pwani. Sisi watoto tulimwita Mama Chanzo, kwa sababu kila sentensi yake ilikuwa na chanzo cha maji ndani yake. Mkutano ukaitishwa kwenye majani, juu ya bonde, kila mtu akiiona chemchemi na miti ya Baba. Mama Chanzo akaeleza kwa utaratibu kwamba eneo la chemchemi si la mtu mmoja, na kwamba mikaratusi ndiyo inayoyanywa yale maji. Itolewe, ipandwe miti ya asili.

Watu wakakubali haraka. Ni rahisi kukubali miti ya mwenzako ikatwe. Baba akasimama. "Mnaona miti. Mimi naona nyumba ya watoto wangu." Akachukua fimbo yake, akashuka bondeni, akaketi chini ya mikaratusi, mgongo kwetu. Nilitamani ardhi inimeze. Baba yangu, mbele ya watu wote, amekimbia mkutano!

Sasa, kwetu sisi Wairaqw mkutano hauishi hivihivi. Unafungwa kwa slufay, maneno ya baraka anayoyatamka mzee, na watu wote wanaitikia kwa pamoja. Ukishaitikia umekubali, na ukigeuka baadaye hutazamwi vizuri tena. Mzee Tluway ndiye aliyekuwa afunge. Tukamsubiri. Naye akaegemeza kidevu juu ya fimbo.

Mama Chanzo akatazama gari lake, akamtazama mzee. "Mzee wangu, mbona hatufungi?"

"Mtu wetu mmoja yuko kule chini," akajibu Mzee Tluway. "Siwezi kuwabariki nikambakiza."

"Lakini sheria ipo, mzee. Hata asipokubali, miti itatoka."

"Sheria yako naijua, mama. Itakata miti. Halafu wewe utarudi Karatu, na sisi tutabaki na yule pale."

Jua lilikuwa kali. Dereva akapiga miayo. Nilidhani yule mama atapanda gari aende zake, na pengine nilimwombea hivyo. Badala yake alivua viatu, akavishika mkononi, akateremka bondeni. Hakwenda moja kwa moja kwa Baba. Alichukua kata ya Ama, akainama kwenye chemchemi, akaanza kujaza ndoo. Anachota, anasubiri. Anachota, anasubiri. Baba akimtazama. Mwishowe akainuka, akamsogelea, akaipokea ile kata.

Waliyoyasema hatukuyasikia. Baba alitusimulia baadaye. Alimwuliza, "Na nyumba yangu?" Akajibiwa kwamba miti ni yake, kibali cha kupasua mbao mama mwenyewe atamfuatilia, na hakuna mtu wa halmashauri atakayechukua hata gome. Ila miti ilikuwa bado myembamba, na hilo mama hakumficha. Haitafika vyumba vinne.

Wakapanda pamoja. Baba akaketi mahali pake. Mzee Tluway akaanza slufay, na watu walipoitikia nilisikia sauti ya Baba ndani ya sauti zile, nzito, imekwaruza.

Mikaratusi ikaanguka, hata ule wa chumba cha wasichana. Nililia, na kwa muda mrefu nilimchukia Mama Chanzo kwa moyo wote. Majirani waliokuwa wakigombana kwenye foleni ndio waliobeba mbao kupandisha kilima, wakiimba. Nyumba ikatoka vyumba viwili. Maji hayakuwa na haraka, lakini yalirudi, na wadogo zangu hawajui kabisa habari za kusubiri kata. Kibali kilikuja kama yule mama alivyoahidi. Sikupata kumshukuru, basi namshukuru hapa. Asante, mama, kwa kutoitoa ile sheria mkobani siku ile.

Leo mimi mwenyewe ni mjumbe wa kamati ya maji ya mtaa wetu mjini. Nimeona mikutano mingi. Watu wanapiga makofi, wananyoosha mikono, wanakunywa soda, na kesho yake kila mmoja yuko palepale na mifereji yake ya wizi. Hakuna anayeondoka mkutanoni. Ya nini aondoke, wakati kukubali hakumgharimu kitu?

Hapo ndipo nilipomwelewa Baba. Angeweza kubaki siku ile, akaitikia na wenzake, halafu akaiacha miti yake isimame. Aliondoka kwa sababu alijua kwamba akishaitikia, atakata.