Kuku Aliyetusemea Garini

Asubuhi ile ya kwenda kuchomwa sindano nilioga mapema, nikafunga kilemba, nikaiingiza pampu yangu ya pumu kifuani chini ya blauzi, nikakaa kizingitini kungoja gari. Pampu ninayo lakini nimekatazwa kuivuta. Nesi alisema siku ya kupuliza kwenye mashine tusivute tangu alfajiri, ili waone kifua chenyewe kilivyo. Alisema na jambo jingine, ila mimi nikashika hilo la kukatazwa.

Pumu ninayo tangu wanangu wakiwa wadogo. Huku Iyula tunapikia kuni, na ukija msimu wa kupukuchua mahindi hakuna pa kujificha. Dawa zile za siku zote zilinichoka. Nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani, kama mgeni anayesubiri kuaga. Ndipo daktari wa hospitali moja kule Tunduma akaniuliza kama nitakubali kuingia kwenye majaribio ya dawa mpya, ya watu wazima ambao pumu yao haitulii. Alieleza wazi, wala hakuficha: wengine mtachomwa dawa, wengine mtachomwa sindano isiyo na dawa, na sisi wenyewe tunaowachoma hatujui nani ni nani. Dawa zenu za zamani msiache. Na anayetaka kujitoa, ajitoe siku yoyote.

Wale niliokaa nao benchi moja siku ya sindano ya kwanza, majina yao ninayo yote, na ya baba zao, lakini siyaandiki. Ugonjwa ni wa mwenyewe. Mmoja, mama kutoka Ihanda, alishuka kitandani akisugua mkono, akasema, "Mimi nimechomwa maji. Nayasikia."

Mwenzake akamjibu, "Kama ni maji, si wangetuletea bombani?"

Tulicheka mpaka tukakohoa sote.

Sasa gari la kunipeleka lilikuwa la mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho. Na kwetu sisi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani wala hawatazamani mpaka ukoo umpikie chakula cha kumwingiza nyumbani. Huyu bado hatujampikia. Kila tulipopanga, msiba ulitangulia. Kwa hiyo binti yangu alikaa mbele kuwa mdomo wetu, mimi nikakaa nyuma na kikapu chenye tetea mwekundu, miguu imefungwa, zawadi ya nesi.

Mkwe ana adabu, siwezi kumsema. Gari alikuwa ameliosha. Vioo alivifunga vyote nisipate vumbi. Na ndani alipuliza marashi ya gari, mengi, ya heshima yangu.

Tulipofika Mpemba foleni ya malori ilikuwa imesimama. Simu ya binti yangu ikaita: mzigo wake umevuka mpaka, unahitaji mwenyewe. "Mama, tutakutana hospitali," akasema, akaruka kwenye bodaboda. Mlango ukafungwa. Tukabaki watu wawili wasio na mdomo.

Marashi yakaanza kazi. Kwanza koo liliniwasha, kisha kifua kikafunga kama fundo la kamba mbichi. Nikapapasa kitufe cha kioo, hakifanyi kitu. Kumbe amekifunga kutoka kwake kwa sababu ya watoto. Mbele lori, nyuma lori, ubavuni lori. Pampu inanichoma titi, na mimi nasema moyoni: ukivuta, umeharibu kipimo, watakutoa. Nikaomba foleni isogee. Haikusogea.

Nikamtazama tetea.

"Kuku," nikasema, "mwambie mwenye gari… kioo."

Uso ameuelekeza mbele, mkwe akasema, "Kuku, mwambie mama vumbi la malori litamchafua."

"Kuku, mwambie… ninakufa."

Kioo kikashuka. Uliingia moshi wa dizeli, na ubaridi kidogo nyuma yake. Haukutosha.

"Kuku, muulize mama dawa yake iko wapi."

"Iko. Nimekatazwa. Nikivuta… watanitoa."

"Kuku, mwambie mama hata akifa watamtoa."

Akageuza kile kioo cha juu ya kichwa chake kikatazama dari, asije akaniona nikiingiza mkono kifuani. Nikavuta. Nikangoja. Nikavuta tena. Fundo likalegea taratibu, nikaweza kusikia injini za malori, nikajua nimerudi.

"Kuku," nikasema nilipoweza, "mwambie mwenye gari asipulize tena marashi."

"Kuku, mwambie mama ilikuwa heshima."

"Mwambie heshima imefika. Nusura inizike."

Mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka au analia, sikutazama.

Hospitali nesi alinishika mkono. "Bibi, si nilikwambia ukizidiwa vuta, usiogope? Mtu hatolewi kwa kuvuta pampu." Lilikuwa ndilo lile jambo jingine. Hawakunitoa. Walinitibu kifua, wakaahirisha kupuliza na sindano mpaka wiki ijayo.

Nikamuuliza daktari, "Kubanwa huku, ndiyo kusema ninachomwa maji?"

"Sijui, bibi. Kweli sijui. Ila ukitaka kujitoa, ruhusa, na matibabu yako yatabaki pale pale."

Wananiambia mlango u wazi, nami nawaamini. Lakini nikitoka naenda wapi? Kwenye moshi, kwenye ukuta wa kuegemea mgongo. Nikibaki, naishi na sindano ambayo hata anayenichoma haijui. Nikasema nitabaki.

Tetea nesi alimkataa. Hawaruhusiwi kupokea kitu. Binti yangu naye alikuwa bado na mzigo wake mpakani, basi tulirudi vile vile, mkwe mbele, mimi nyuma, vioo vyote chini, kuku katikati.

Nyumbani mkaza mwanangu alipokea kikapu, akapima uzito kwa mkono. "Mama, huyu nimchinje jioni?"

"Mwache," nikamwambia. "Mfungue miguu, umpe mahindi. Wiki ijayo ana safari."