Mvuke wa Mvumbasi

Jirani anachemsha mvumbasi, mtoto wake ana mafua. Harufu imenifikia jikoni, nimeacha kumenya viazi.

Baba alikuwa akinadi samaki pale sokoni Tanga, na hata wasionunua walisimama kumsikiliza. Sigara haikumtoka mdomoni. Sauti ikaanza kukwaruza, mwisho ikakatika. Daktari akasema moshi umemwotesha vijinyama kooni: aache sigara, na kwa miezi asiseme neno, hata kwa kunong'ona.

Mama akaongeza dawa yake. Kila asubuhi alimfunika baba shuka juu ya nyungu ya mvumbasi. Nilipomwamkia, "Shikamoo baba," aligonga kigoda mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yangu.

"Itarudi tu," mama alikuwa akisema. "Leo nimezidisha majani."

Asubuhi moja mama alikwenda bombani, nami nikajipenyeza chini ya shuka nikae na baba. Ndani ya mvuke ule alikuwa anavuta sigara. Harufu kali ya majani ilikuwa ikimfichia moshi wake siku zote. Akaitumbukiza sigara kwenye nyungu, ikalia chwii, akaniwekea kidole mdomoni.

"Usimwambie mama'ko," akasema, kwa sauti ya kukwangua sufuria. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu akatazwe kusema.

Sikumwambia. Sauti ya baba haikurudi, na mama aliingia kaburini akiamini kwamba majani yake ndiyo hayakuwa na nguvu.