Mabati ya Josho

Josho letu lilijengwa na mzungu aliyekuwa na shamba hili kabla yetu: shimo refu la saruji lililojazwa maji yenye dawa ya kuua kupe, na juu yake paa la mabati, mvua isije ikaizimua dawa. Tulipopata mashamba yetu huku kati ya Njoro na Elburgon, tulilikuta. Kila Alhamisi asubuhi tulipeleka ng'ombe, watu wa makabila matatu, na tukisubiri zamu tuliulizana habari. Pale ndipo nilipojua nani anaumwa, nani amejifungua, na ng'ombe wa nani ameacha kula.

Ikaja miaka ya vurugu za kikabila. Kijijini kwetu hakuuawa mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo, lakini tulianza kuogopana. Kila mmoja akanunua pampu yake na kupulizia ng'ombe wake dawa nyuma ya nyumba. Josho likakauka.

Halafu likaanza kubebwa kipande kipande. Lango liliondoka kwanza, kisha nguzo. Mimi nilichukua mabati sita, nikaezeka banda la ndama. Nilikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili iliyofuata nilisoma Neno mbele ya watu bila sauti kutetemeka. Nilijiambia kwamba mwenyewe alikwisha kwenda zake Ulaya.

Mwaka juzi ng'ombe wangu wa maziwa alivimba tezi chini ya sikio. Ilikuwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Daktari wa mifugo alifika, lakini tulikuwa tumechelewa kumwita. Ng'ombe akafa. Nikabaki na mtamba mmoja, mwana wake, naye masikio yamejaa kupe. Mimi na mke wangu hatuna tena nguvu za kuanza upya. Huyo akienda, basi.

Jirani wa upande wa chini, ambaye hatukuwa tumesalimiana tangu vurugu, alivuka ua akanisaidia kuchimba shimo la kuzika. Tulichimba mpaka alipoegemea jembe.

"Mzee, kwangu wamekufa wawili mwezi uliopita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Sisi hatusalimiani. Kupe wetu ndio wanaotembeleana."

Niliomba siku kadhaa, na kila nilipofumba macho niliyaona yale mabati. Alhamisi asubuhi niliyaezua, nikayapakia kwenye mkokoteni wa punda, nikapita nayo madukani watu wakiniangalia. Sikumsalimia mtu kwa aibu, mpaka nikafika joshoni.

Ilipofika saa sita, jirani yangu alikuja akiburuta lango.

"Kumbe lilikuwa kwako," nikasema.

"Limechunga kuku wangu vizuri sana."

Nilicheka, na machozi yakanilengalenga. Jumamosi mtu mwingine alileta nguzo mbili, akaziweka chini. Hatukumuuliza alikozitoa. Wiki chache baadaye tulikuwa tumeziba nyufa, tukachota maji mtoni na kutia dawa.

Alhamisi ya kwanza, mtamba wangu alifika ukingoni akagoma. Jirani yangu akaja kumsukuma kwa nyuma, nami nikimvuta kamba.

"Mama hajambo?" akauliza, akihema.

Nikamwambia mke wangu goti linamsumbua, ni mwaka wa pili anatembelea fimbo. Aliacha kusukuma, akanitazama.

"Miaka miwili, mzee? Na tumetenganishwa na ua tu?"

Akasema mke wake atakuja kumwona kesho. Kisha tukasukuma pamoja, na mtamba akaruka, akazama hadi pembe, akatokea upande wa pili akichuruzika maji.