Hakuchukua, Alitoa

Jumanne nilikuwa kortini hapa Eldoret, benchi la nyuma, wakati kijana wetu mmoja alipoingia amevaa joho jeusi la wakili. Karani hakuwa amewahi kuona joho hilo kwa Mwafrika, kwa hivyo akamwonyesha kiti cha mkalimani. Kijana akakipita, akaketi penye mawakili, akafungua faili.

Mteja wake alikuwa mzee mchunga ng'ombe, aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe wa setla, Mzungu mwenye shamba.

"Nilimkuta kwa mahindi," mzee akajieleza, "nikamtoa."

Mkalimani akamgeukia hakimu na kusema kwa Kiingereza kwamba mzee amekubali alimchukua.

Wakili akasimama polepole, akiweka joho sawa begani. Naye akasema kwa Kiingereza, "Hakusema alichukua. Alisema alitoa. Ng'ombe akila mahindi mabichi hufura tumbo akafa. Mzee huyu aliokoa mali ya mwenye ng'ombe."

Hakimu, Mzungu wa makamo, akavua miwani. "Kiingereza chako ni cha London. Na Kiswahili hiki cha mzee ulikisomea wapi?"

"Nyuma ya ng'ombe, mheshimiwa. Miaka sita, kwa shamba la huyu huyu mlalamishi."

Setla akainamia kofia iliyokuwa magotini pake. Kabla ya saa sita mzee alikuwa ameachiliwa.

Nje, mama mmoja aliniuliza uwakili unasomewa miaka mingapi. Nilimwambia sijui, ila ile sita ya kwanza ni ya kuchunga.